Saladi bila udongo kwa ajili ya supamaketi: niliyoyaona kwenye kitalu nyumba changu Arusha (uzi mrefu)

#1 Mche wa Usa (mleta mada)

Habari za leo wakuu.

Inboksi yangu imejaa maswali kuhusu saladi ninazopeleka supamaketi hapa Arusha, na kila wiki najikuta narudia maelezo yale yale. Naweka yote hapa, ili anayetaka kuingia aingie akiwa ameona. Siuzi mbegu wala sifundishi kozi.

Niko njia ya Usa River. Kitalu nyumba ni kimoja, mita 8 kwa 30. Kilianza na nyanya, kama vya wengi wetu tulioingia kipindi kile kila mtu alipokuwa anahesabu kreti kwenye karatasi. Msimu wa kwanza ulinilipa. Wa pili ukaingia mnyauko bakteria: mche unalala mchana ukiwa kijani kabisa, unakata shina na kulitumbukiza kwenye glasi ya maji, na pale pale unaona uzi mweupe kama maziwa ukishuka. Ukiuona huo, udongo ule si wa nyanya tena kwa miaka mingi. Nikatandaza nailoni juu yake, nikafunga kwenye meza za mbao mifereji ya plastiki inayopitisha maji yenye mbolea chini ya mizizi, nikahamia saladi. Huu ni mwaka wa nne.

Nianze na maji, kwa sababu ndipo pesa yangu nyingi ilipopotelea.

Maji ya kisima changu ni maangavu na mdomoni hayana chumvi. Nikajaza simtanki, nikatia virutubisho kama nilivyoelekezwa, nikapanda. Wiki ya tatu majani machanga yakaanza kuwa njano katikati ya mishipa, mishipa yenyewe ikibaki kijani. Nikaambiwa ni upungufu wa chuma. Nikaongeza chuma, njano ikazidi. Nikaongeza tena. Nilitupa miche ya awamu mbili nzima kabla sijapeleka chupa ya maji maabara, jambo ambalo lilipaswa kuwa la kwanza kabla hata ya kununua bomba moja.

Majibu yakaja: bikaboneti miligramu 280 kwa lita. Sisi tunaozunguka Mlima Meru tunajua habari ya floraidi inayotoka kwenye miamba, tumeiona kwenye meno ya watoto wetu. Miamba hiyo hiyo ya volkano ndiyo inayojaza maji yetu sodiamu na bikaboneti. Bikaboneti inapandisha pH (kipimo cha uasidi; namba ikipanda, asidi imepungua): ukiishusha leo jioni, kesho asubuhi imerudi. Kwenye pH ya 7.8 chuma cha kawaida cha EDTA (kemikali inayokishika kibaki kimeyeyuka) kinaachia, kinageuka kutu isiyoyeyuka, na mizizi inakaa na njaa katikati ya chakula. Saladi inataka pH kati ya 5.5 na 6.5. Hapo chuma kinapatikana na mambo yanatulia.

Dawa ikawa asidi. Kwa maji yangu, lita 1,000 zinakula karibu mililita 280 za asidi ya nitriki ya asilimia 60. Hiyo peke yake inaleta nitrojeni kama miligramu 50 kwa lita, kwa hiyo ilinibidi nipunguze naitreti kwenye mbolea. Msinakili namba hii. Ni ya kisima changu. Na tafadhali sana, ndugu zangu: glovu na miwani, na asidi ndiyo inayotiwa kwenye maji. Usimwage maji kwenye asidi, itakurukia.

La pili ni kalenda.

Saladi zipo kwenye masoko ya hapa mjini, Soko Kuu na Kilombero, kila asubuhi, na bei ya pale huiwezi. Supamaketi wanakutafuta wewe ili Jumanne na Ijumaa saa mbili asubuhi uwe mlango wa nyuma na idadi mliyokubaliana, vichwa vinavyofanana, Januari hadi Desemba. Kwa hiyo unapanda kila wiki, siku ile ile, hata kama una msiba. Mimi ni Jumatatu jioni.

Hesabu yenyewe iko hivi. Ukitoa njia za kupita, kitalu changu kina nafasi 3,600, kila mche sentimita 20 kutoka kwa mwenzake. Mche unakaa kwenye trei kama siku 18, kisha mferejini siku 28 wakati wa joto. Wiki nne kwenye mfereji maana yake kila wiki unavuna robo: vichwa 900. Nilipeleka hesabu hiyo kwa wanunuzi wawili, nikaahidi kila mmoja 200 mara mbili kwa wiki, nikaona bado nina akiba ya 100.

Ikaja Julai. Nyie wa Arusha mnaijua: mawingu siku nyingi mfululizo, usiku baridi. Mche uliokuwa unakaa siku 28 ukakaa 36. Nafasi ni zile zile 3,600, lakini sasa zinatoa 700 kwa wiki. Kupanda mbegu nyingi zaidi hakukusaidia kitu, maana miche ilikuwa inasubiri mifereji itoke wazi na kurefuka kwenye trei. Wiki mbili nikapeleka pungufu, ya tatu nikakata vichwa vidogo ili idadi itimie. Kijana wa mapokezi alivuta kreti, akachomoa kichwa cha chini kabisa, akakigeuza kuangalia kitako kama kimeanza wekundu, akakiweka kwenye mizani. Gramu 95. Tulikubaliana 150. Akarudisha kreti zote, na mwezi uliofuata rafu yangu ilikuwa na saladi za mtu mwingine. Hakunionea. Mwenye makosa nilikuwa mimi niliyeahidi kwa hesabu ya Februari.

Sasa naahidi kwa hesabu ya Julai: 150 mara mbili kwa wiki kwa kila mmoja, yaani 600. Ziada ya miezi ya joto nawapelekea wenye mahoteli na wapishi wa safari, ambao wao hawadai mkataba.

Umeme nitaueleza akiuliza mtu. Nimechoka kidole. Karibuni.

#2 Bint Kigamboni

Mkuu asante sana, naweka kambi hapa. Mimi niko Kigamboni, nina kisima na eneo la nusu eka, na nimeshapewa bei ya kitalu nyumba cha 8 kwa 15. Walioniletea bei wanasema saladi inakubali popote. Nimejaribu mbegu kwenye trei mbili, imeota kama robo tu. Nimenunua mbegu mbovu au joto? Na maji ya kisima yana chumvi kidogo, kwenye chai unaisikia, lakini mchicha unaota vizuri tu. Nishauri kama mdogo wako kabla sijalipa.

#3 Msambaa wa Soni

Wadau, nawasalimu. Nina umri wa kutosha na nimelima saladi, karoti na kabichi Lushoto tangu nikiwa kijana, kwenye bonde, kwa maji ya mfereji. Magari yanapakia Lukozi, asubuhi mzigo uko Dar. Sijanunua nailoni, sijanunua asidi. Naomba kueleweshwa kwa nia njema: kwa nini mtu aweke mamilioni kwenye mabomba ili apate kitu ambacho ardhi yetu inatoa kwa samadi na jembe? Isije ikawa vijana wanaingizwa kwenye mkopo kwa kitu ambacho hakihitajiki.

#4 Mche wa Usa

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ni la haki na ndilo ambalo kila mtu angeanza nalo.

Kwa bei hatutawashinda watu wa Lushoto, na mimi sishindani nao. Mwenye bonde, maji yanayotiririka na baridi ya mlimani, alime kwenye udongo. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona State uliochapishwa 2015, walilinganisha saladi ya udongoni na ya haidroponiki (hii yetu ya maji bila udongo) kwa hali ya Arizona. Ya haidroponiki ilitumia kama lita 20 za maji kwa kilo, ya shambani 250. Mavuno kwa eneo yalikuwa karibu mara 11. Lakini nishati ilikuwa mara 82, na sehemu kubwa ni ya kupasha na kupoza nyumba. Mimi hapa Usa sipashi wala sipozi kwa mashine, ndiyo maana nasimama. Anayejenga mahali ambapo lazima apoze kwa umeme ana kazi nzito.

Wanunuzi wangu walinikubali kwa mambo mawili. Masika, saladi ya shambani inapigwa na mvua, inajaa matope na kuoza haraka, na wiki nyingine haipatikani kabisa. Ya ndani haijui masika. La pili ni usafi. Saladi inaliwa mbichi. Mboga nyingi hapa mjini zinamwagiliwa kwa maji ya mito inayopita katikati ya nyumba za watu, na hakuna moto wa kuua kilichomo. Kwenye mfereji maji yanagusa mizizi tu, jani halilowi mpaka lioshwe jikoni. Nina watoto, na hili jambo nalichukulia kwa uzito.

Kwako mzee, maji ya mlimani ni masafi kuliko ya kwetu mjini. Ukipata chumba cha baridi pale Soni na kreti za plastiki badala ya matenga, sioni kwa nini supamaketi za Dar zisinunue kutoka kwako moja kwa moja.

#5 Kijana wa Moro

Mkuu heshima yako. Tupe madini ya mbolea. Nimeambiwa NPK ya dukani na CAN vinatosha, wengine wanasema lazima uagize Nairobi. Na mtaji ni kiasi gani?

#6 Mche wa Usa

Kaka, CAN iache kabisa. Jina linapotosha watu wengi. CAN ina amonia na chokaa ambayo haiyeyuki, inaziba kila kitundu. Unayotaka ni kalsiamu naitreti, ya chembe nyeupe zinazoloweka hewa ukiacha mfuko wazi. Na urea haina kazi hapa, kwa sababu mche hauitumii vizuri mpaka vijidudu vya udongoni viigeuze, na wewe huna udongo.

Hii ndiyo ya kwangu niliyoanzia, kwa lita 1,000 za maji laini: kalsiamu naitreti gramu 600, potasiamu naitreti 300, MKP (fosfeti ya potasiamu) 150, salfeti ya magneziamu 350, chuma cha DTPA (kinashika chuma kuliko EDTA) cha asilimia 6 gramu 30, na mchanganyiko wa madini madogo madogo kama lebo inavyosema. Ukimaliza, mita ya EC (inapima chumvi na mbolea iliyoyeyuka majini, kwa milisimensi kwa sentimita) isome kati ya 1.3 na 1.6 hivi, ukihesabu na chumvi iliyokuwamo kwenye maji yenyewe. Kwenye joto kali shuka kuelekea 1.2, maana mche unakunywa maji mengi kuliko chakula.

Kalsiamu naitreti hukaa tanki lake, A. Salfeti na MKP hukaa B. Ukizikutanisha zikiwa nzito, kalsiamu inashikana na salfeti inakuwa jasi, inashikana na fosfeti inakuwa unga mweupe chini ya ndoo. Nimeona mtu amekoroga ndoo hiyo siku nzima akidhani haijayeyuka. Haitayeyuka.

Na msikimbilie kuongeza kalsiamu mkiona ncha za majani ya ndani zimeungua rangi ya kahawia. Mara nyingi kalsiamu ipo tele majini. Inapanda na maji yanayovutwa na jani linalopumua, na jani la katikati ya kichwa limefunikwa na halipumui vya kutosha. Mimi nilifungua mapazia ya pembeni mapema asubuhi na kuweka feni mbili ndogo, tatizo likapungua sana.

Mtaji: sitataja shilingi, bei ya mwaka juzi itakudanganya. Andika wingi wako: nailoni ya mikroni 200, neti ya kuzuia wadudu, mita za mifereji, pampu mbili (ya pili ni ya akiba, hiyo si anasa), tanki, mita ya pH na ya EC pamoja na maji yake ya kusawazishia, trei, mbolea ya miezi mitatu. Peleka orodha maduka mawili. Kisha ongeza pesa ya kuishi miezi minne bila malipo, nitaeleza kwa nini.

#7 Shamba Limuru

Hujambo ndugu Mche. Nawasoma kutoka Limuru, Kenya. Hayo ya malipo acha niyaanze mimi, kwa sababu yametuumiza huku. Tuliona supamaketi za Uchumi, Nakumatt, halafu Tuskys zikiporomoka moja baada ya nyingine huku wasambazaji wakidai. Mkulima wa mboga hana dhamana yoyote, mboga ikishaliwa imekwenda. Mimi sasa siachi duka moja lishike zaidi ya theluthi ya mazao yangu, hata likinibembeleza kwa oda kubwa.

Jambo la pili: jaribu kuuza ikiwa na mizizi yake. Tunaing'oa na kile kikapu kidogo kinachoshika mche, tunakunja mizizi chini, tunaivisha karatasi ya plastiki yenye umbo la koni. Inakaa hai kwenye rafu siku kadhaa zaidi kuliko iliyokatwa, na mteja akifika nyumbani anaisimamisha kwenye kikombe cha maji. Marejesho yetu yalipungua sana.

Na stima ikipotea unafanyaje? Sisi imetuchoma mara mbili.

#8 Mche wa Usa

Asante sana ndugu wa Limuru, hilo la mizizi nimelianza wiki hii kwa kreti nne.

Malipo. Kwetu pia maduka makubwa yamekuja na kuondoka: Shoprite waliondoka 2014, Uchumi wakafunga 2015, Nakumatt waliochukua nafasi ya Shoprite nao hawakudumu. Kwa sasa nalipwa siku 45 baada ya ankara. Sikia hesabu yake: 150 mara mbili kwa wiki, siku 45, ni mapeleko kama 13, yaani vichwa 1,950 viko nje kwa mnunuzi mmoja kabla shilingi ya kwanza haijarudi. Mbegu, mbolea, mshahara wa kijana, mafuta ya pikipiki, vyote umeshalipa. Jumlisha na siku 46 za kukuza mzigo wa kwanza, weka na akiba kidogo, ndiyo ile miezi minne niliyoisema. Ankara bila risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) haisogei, na karatasi ya mapokezi iliyogongwa muhuri itunze kama cheti cha kuzaliwa, kwa sababu siku ya mabishano ndiyo shahidi wako pekee. Kuna mnunuzi mmoja, simtaji, alikata vichwa 60 kwenye ankara akisema viliharibika rafuni, na makubaliano hayakuwa hivyo. Nililipwa kwa sababu nilikuwa na karatasi.

Umeme sasa. Ilikuwa Februari, kama saa saba mchana, jua limesimama katikati. Kwenye mifereji maji ni utando tu wa milimita chache unaopita chini ya mizizi. Pampu ikizimika unakauka. Nilikuwa mjini. Kijana akanipigia kwamba umeme umekatika, nikafika baada ya dakika 50. Majani ya nje yalikuwa yamelala kama kitambaa kilicholowa. Ukishika bomba kwa juu linaunguza kiganja. Mimi, mke wangu na yule kijana tukachota kwa majagi, mfereji mmoja mmoja, kuanzia wa juu, mpaka saa kumi na nusu. Iliyokuwa karibu kuvunwa ilisimama tena jioni, lakini ladha ilikuwa chungu na sikuipeleka kwa mtu. Miche midogo ilikufa yote, awamu nzima, na pengo lake nililiona kwenye kreti wiki nne baadaye.

Baada ya hapo nilifanya mambo matatu. Pampu ya akiba ya volti 12 yenye betri na paneli ya sola, inawaka yenyewe mkondo ukikatika. Tanki la kurudishia nikalizika ardhini, mdomo tu uko juu, na mifereji nikaipaka rangi nyeupe. Kisha nusu ya kitalu nikaigeuza kuwa ya kuelea: sanduku la mbao lililovikwa nailoni, maji ya kina cha sentimita 30, na boya la stairofomu lenye matundu juu yake. Hapo umeme ukikatika mchana kutwa miche haishtuki, kwa sababu mizizi iko majini, na maji mengi hayapati joto upesi. Kazi yake ni kupuliza hewa tu. Kama ningeanza upya leo, ningeanza na ya kuelea.

#9 Mpishi wa Unguja

Assalaam aleikum. Mimi ni mnunuzi upande wa pili, jikoni kwenye hoteli kaskazini mwa Unguja. Naomba wakulima mjue haya: tunataka majani machanga mchanganyiko zaidi kuliko vichwa vikubwa. Roketi, lolo nyekundu, jani la mwaloni. Na tunataka ikatwe alfajiri, kabla jua halijaipata, iingie kwenye baridi ndani ya saa moja. Ikivunwa saa tano mchana ikafungwa ikiwa na joto, hata uipoze vipi baadaye, siku ya pili ishalainika. Mimi nikifungua boksi naingiza mkono katikati. Pakiwa na fukuto, sipokei.

#10 Mche wa Usa

Waaleikum salaam mpishi. Hilo la fukuto ni kweli tupu. Mimi navuna saa kumi na moja alfajiri kwa tochi ya kichwani.

Dada wa Kigamboni, samahani nimekuchelewesha, nilitaka nikujibu kwa utulivu.

Mbegu zako huenda si mbovu. Mbegu ya saladi ina tabia ya kulala kwenye joto. Ikizidi nyuzi 28 au 30 ikiwa imelowa, inajifunga, inasubiri kupoe. Panda jioni baada ya jua kuzama, weka trei chini kwenye sakafu ya saruji ndani ya nyumba, usizifukie kwa kina kwa sababu zinataka mwanga, na uzitoe nje siku ya pili au ya tatu zikishachungulia.

Mche mkubwa ndio wenye kazi. Februari usiku wa Dar haupoi vya kutosha, maji yako yatakaa nyuzi 28, 29. Maji ya moto hayashiki hewa: kwenye nyuzi 20 lita moja inabeba oksijeni kama miligramu 9, kwenye 30 inabeba 7.5. Hapo ndipo ukungu wa Pythium unapoingia, mizizi inageuka kahawia, inateleza mkononi na kunuka. Singapore, ambako ni karibu na ikweta kama kwako, watafiti walionyesha tangu miaka ya 1990 kwamba ukipoza mizizi peke yake na kuacha jani kwenye joto, saladi inakubali. Lakini kupoza maji ni umeme, rudi kwenye ile mara 82. Ukiamua saladi, chagua aina za Batavia, zinavumilia joto kuliko za majani laini, na tegemea zaidi miezi ya Juni hadi Septemba. Miezi iliyobaki panda rihani ya Kizungu ile ya pasta, au mboga za Kichina kama pak choi. Supamaketi wananunua pia.

Sasa kisima. Mchicha unavumilia chumvi kuliko saladi, kwa hiyo usikupe moyo. Kabla hujalipa hata senti ya kitalu, nunua mita ya EC, ni ndogo kama kalamu, upime maji matupu. Ikisoma chini ya 0.5 ni neema. Ikikaribia 1, peleka maabara uone sodiamu na kloridi. Ikizidi 1.5 usitumie. Mfumo unazungusha maji yale yale, mche unakula kalsiamu na potasiamu na kuiacha sodiamu, inajilimbikiza kila siku, na utakuwa unamwaga tanki zima kila baada ya siku chache pamoja na mbolea yake.

#11 Bint Kigamboni

Kaka Mche, nimeazima mita kwa mtu wa samaki. Nimepima mara tatu, asubuhi, mchana na jioni: 2.3, 2.3, 2.4. Nimekaa kimya kidogo. Nilikuwa nimebakiza siku mbili nilipe nusu ya pesa ya kitalu.

Mvua je?

#12 Mche wa Usa

Pole sana dada. Na nashukuru Mungu umepima kabla.

Mvua inawezekana, tupige hesabu pamoja. Kitalu ulichopewa bei ni mita 8 kwa 15, paa linakaribia mita za mraba 120. Dar inapata mvua kama milimita 1,100 kwa mwaka, kwa hiyo paa linapokea kama lita 132,000, na ukitoa zinazopotea chukua 105,000. Miche 1,800 ikinywa wastani wa robo tatu ya glasi kwa siku, tuseme mililita 170, ni lita 306 kwa siku, kama 112,000 kwa mwaka. Zinakaribiana. Shida ni kwamba mvua yote inakuja masika na vuli. Kuanzia Juni hadi Septemba, miezi ambayo kwako ndiyo mizuri kwa saladi, ni siku 122, lita 37,000 na ushee. Unahitaji kuzihifadhi: simtanki nne za lita 10,000, au shimo lililovikwa nailoni nzito na kufunikwa lisizae mbu. Linganisha gharama hiyo na bei ya kitalu chenyewe. Mimi ningepunguza kitalu na kuongeza tanki.

Au tafuta maji ya bomba, upime pia. Wakati mwingine hata nyumba ya tatu kutoka kwako kina cha kisima ni kingine na maji ni mengine.

#13 Bint Kigamboni

Nimezunguka na kalamu yangu ya kuazima tangu asubuhi, kisima kwa kisima, nyumba saba. Sita ni zaidi ya 1.8. Ya saba ni ya bibi mmoja juu ya kilima, kisima kifupi cha kuchimba kwa mkono, amekifunika kwa bati. 0.6. Nilipima mara mbili sikuamini. Ana uwanja nyuma, amepanda mihogo tu, na anasema maji hayajawahi kukauka tangu miaka ya themanini.

Jumamosi narudi kwake na mama yangu tukaongee habari ya kukodi. Kwanza nitajaza chupa ya maabara. Kaka, niwaambie wapime nini?

#14 Mche wa Usa

Sodiamu, kloridi, bikaboneti, kalsiamu, magneziamu, chuma, pH na EC. Suuza chupa mara tatu kwa maji yale yale, ijaze mpaka mdomoni pasibaki hewa, ifike maabara siku hiyo hiyo. Na kwa kuwa kisima ni kifupi na kiko kwenye makazi, waambie wapime pia vijidudu vya kinyesi, maana choo cha jirani kinaweza kuwa karibu.

Majibu yakitoka yabandike hapa hapa, tuyasome wote.